Nasaha kwa Wenye Kutazama na Kuhukumu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo wazi na yaliyositirika, ambaye huziona aibu za waja wake zote na huku anazisitiri. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baad. Enyi ndugu zetu Waislamu, waraka huu mdogo tumeukusudia kwa jambo moja ambalo watu wa mwambao, wakubwa kwa wadogo, wamelizoea hata hawalioni tena kuwa ni jambo. Nalo ni kukaa barazani baada ya Isha, au sebuleni, au siku hizi kuinamia simu, na kuyatia mapenzi ya mtu tusiyemjua katika mizani ya ndimi zetu: huyu kafanya vyema, yule kafanya vibaya, huyu ndiye mwanamume, yule mwanamke hana haya. Wala mtu huyo si jirani yetu, wala si jamaa yetu, wala hakutuletea kesi tumhukumie. Tumemuona katika kioo cha televisheni, basi.

Na ili maneno yetu yasiwe ya hewani, tutashika mfano mmoja uliotokea kweli, tuupime kwa mizani ya sharia. Kwani mtu akionywa kwa jumla husema, "Haya hayanihusu". Akioneshwa jambo alilolitenda mwenyewe hunyamaza akasikiliza.

Mchezo wenyewe

Mchezo huu asili yake ni Uholanzi, na ulioneshwa mara ya kwanza mwaka 1999, ukaitwa Big Brother, yaani Kaka Mkubwa. Jina hilo limetokana na kitabu cha mwandishi wa Kiingereza, George Orwell, kilichotoka mwaka 1949, ambamo Kaka Mkubwa ni mtawala ambaye jicho lake laingia katika kila nyumba, na raia zake hawana pa kujisitiri. Mwandishi yule alilitaja jambo hilo ili watu waliogope. Waliokuja nyuma yake wakalifanya tafrija.

Mwaka 2003 mchezo ukaletwa kwa nchi za Afrika, ukaitwa Big Brother Africa, na nyumba yake ikawa Afrika ya Kusini. Wakatiwa ndani watu 12 wa nchi 12, wanaume na wanawake, wakafungiwa pamoja, na kamera zikawaangalia usiku na mchana. Watazamaji wakawa wapiga kura wa nani atoke na nani abaki. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Bunge la Malawi lilipitisha azimio la kuuzuia usioneshwe katika televisheni ya taifa lao, kwa kuona kuwa waharibu tabia za watu.

Mwaka 2007 ukarudi mara ya pili. Ulianza tarehe 5 Agosti ukamalizika tarehe 11 Novemba, siku 98, na mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1428 wote ulipita ndani ya siku hizo. Aliyeshinda alikuwa kijana wa Tanzania, mwenye umri wa miaka 24, akapewa dola za Marekani 100,000. Kijana huyo alikuwa na mke, na mkewe hakuwamo katika nyumba ile. Na mle ndani akafungana kwa mapenzi na mwanamke wa Angola, na macho ya nchi nyingi yakawa juu yao.

Majina ya watu hao yajulikana, na magazeti yaliyaandika. Sisi hatuyataji. Nasaha yetu haina haja ya majina, na jina lisilo haja, likitajwa pamoja na aibu, huwa ni nyama ya kutafunwa tu. Wala dini zao hatuzichungui, kwa kuwa maneno yetu ni juu ya ulimi wa mwenye kusema, si juu ya mwenye kusemwa.

Basi watu walipokuwa wakimtazama kijana yule, maneno yao yalikuwa mafungu manne. Fungu la kwanza walimsifu, wakasema ni mwerevu, ajua kucheza, na mchezo ni mchezo. Fungu la pili walimlaani, wakasema amezini mbele ya dunia nzima. Fungu la tatu walimshika mkewe: na amwache, hana haya akikaa naye. Fungu la nne walimwacha mwanamume wakamvamia mwanamke, wakamwita kwa majina ambayo kalamu yaona haya kuyaandika. Kila fungu lilidhani limesema haki. Nasi twataka kuonesha kuwa katika mafungu hayo yote manne hakuna hata moja lililosalimika.

Mas-ala ya kwanza: kutazama

Mwanzo wa hukumu za ulimi huu ni jicho. Katika Suratin Nur, aya ya 30, Mwenyezi Mungu amewaamrisha wanaume waumini wayainamishe macho yao na wazihifadhi tupu zao. Kisha katika aya ya 31 akawaamrisha wanawake. Tazameni mpangilio huu, enyi wanaume: sisi tumetangulizwa katika amri, nasi ndio wa mwisho kuitaja.

Na yuko mwanafunzi aliyesoma kidogo, atakuja na hoja. Atasema kwamba wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi'i, kama Ibn Hajar na Ramli katika sherehe zao za Minhaj, wamesema kuwa kuangalia sura ya mwanamke ndani ya kioo au katika maji si sawa na kumwangalia yeye mwenyewe. Na televisheni ni kioo. Twamjibu: umenakili nusu, ukaiwacha nusu. Maneno hayo wameyafungia sharti, nalo ni kuwa pasiwe na matamanio wala hofu ya fitina. Na mchezo huu umetengenezwa kwa matamanio, na pasipo matamanio hakuna atakayeulipia. Mtu aliyekaa mpaka saa sita za usiku akingojea kuona kama wawili watalala kitanda kimoja au viwili, huyo hana haja ya kutuuliza fatwa. Na aulize moyo wake, utamjibu.

Mas-ala ya pili: neno la zina

Fungu la pili lilisema, "Amezini." Neno hili ni jepesi kinywani, na katika sharia hakuna zito kuliko hilo katika maneno ya watu juu ya watu. Mwenye kumtuhumu mtu aliyehifadhika kwa zina, kisha asilete mashahidi wanne, Kurani imemhukumia mijeledi 80, na ushahidi wake usikubaliwe, na akaitwa fasiki. Hayo yamo katika Suratin Nur, aya ya 4. Na mashahidi hao si wa kusema "tuliwaona chini ya blanketi moja", wala "taa ilizimwa, tukasikia wakicheka". Ni wa kushuhudia tendo lenyewe, kama kijiti cha wanja kinavyoingia ndani ya chombo chake. Katika wakati wa Sayyidna Umar, radhi za Mungu ziwe juu yake, watu watatu walishuhudia, na wa nne asithibitishe kama walivyothibitisha wao. Wale watatu wakapigwa wote. Hawakuambiwa kuwa watatu ni wengi.

Akisema mtu: wale hawakuwa Waislamu, na hadi ya kadhfu ina sharti ya kuwa mwenye kutuhumiwa ni Muislamu. Twasema: kwanza, umejuaje, ilhali umeona sura tu na jina? Pili, hata akiwa si Muislamu, madhehebu yetu yameondoa hadi, hayakuondoa adabu. Msemaji huyo aaziriwa, yaani hakimu humtia adabu kwa kiasi aonacho. Na tatu, ulimi uliojizoeza neno hilo kwa mtu wa mbali hautalisahau ukifika kwa mtu wa karibu.

Na tufanye hesabu kidogo. Siku 98, kila siku saa 24, ni saa 2352. Mtu aliyetazama saa moja kila usiku, asiache hata usiku mmoja, ameona saa 98. Yaani fungu 1 katika mafungu 24. Na lile fungu moja, ikiwa hakutazama ile idhaa iliyokwenda mchana na usiku bali muhtasari wa jioni, hakulichagua yeye. Lilichaguliwa na watu ambao kazi yao ni kukata picha na kuziunga, ili kicheko cha asubuhi kikae karibu na machozi ya usiku, na mtazamaji apate la kusema kesho. Kadhi gani angehukumu kwa ushahidi wa namna hii? Shahidi aliyesikia neno moja katika kila maneno 24, na hilo moja akachaguliwa na mtu mwenye faida yake, kadhi angemwambia, "Nenda zako." Nasi barazani twakaa kuwa mashahidi, na kadhi, na mwenye kupiga mijeledi, katika kikao kimoja, na kahawa haijapoa.

Mas-ala ya tatu: je, mwenyewe hakujidhihirisha?

Hapa ndipo penye hoja ya nguvu, nasi hatutaikimbia. Atasema mwenye kusema: "Usengenyaji ni kumtaja mtu kwa alichokificha. Huyu hakuficha. Aliingia kwa miguu yake katika nyumba yenye kamera, akatia saini, akataka aonwe. Na wanavyuoni wamesema kuwa mwenye kudhihirisha ufasiki wake hana heshima ya kusengenywa."

Twasema: hoja hii ina asili. Imamu Nawawi ametaja mahali sita ambapo kumtaja mtu kwa alichukialo huruhusiwa. La kwanza, aliyedhulumiwa akishitaki. La pili, mwenye kutafuta msaada wa kuondoa uovu. La tatu, mwenye kuuliza fatwa. La nne, mwenye kuwahadharisha Waislamu na shari. La tano, mwenye kudhihirisha ufasiki wake. La sita, mtu asiyejulikana ila kwa sifa, kama kusema "yule kiwete". Na Mtume, rehema na amani zimshukie, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, amefundisha kuwa umma wake wote watarajiwa msamaha, isipokuwa wenye kuyatangaza maasi yao. Kwa hivyo kijana yule, kwa lile alilolifanya mbele ya kamera, hakuwa na hoja juu ya mwenye kusema, "Jambo hili ni baya."

Walakini Imamu Nawawi hakufungua mlango akaenda zake. Amesema kwamba mwenye kujidhihirisha atajwa kwa lile alilolidhihirisha tu, na aibu zake nyingine ni haramu kama za mtu mwingine, ila ikiwa iko sababu nyingine katika zile sita. Sasa pimeni mazungumzo yenu. Alilolidhihirisha ni kuwa mwanamume mwenye mke alifanya mapenzi na asiyekuwa mkewe. Hilo lasemwa kwa maneno kumi. Yaliyobakia mliyasema kwa miezi mitatu: kuwa amlaghai yule mwanamke kwa ajili ya fedha, kuwa nyumbani kwake hapakuwa na amani, kuwa mwanamke yule ndivyo zilivyo desturi za watu wa kwao, kuwa mama yake hakumlea. Haya nani aliyeyadhihirisha? Haya ni dhana. Na Suratil Hujurat, aya ya 12, imekusanya makatazo matatu kwa mpango: dhana, kisha upelelezi, kisha usengenyaji, ikaufananisha na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Mambo matatu hayo huzaana. Mtu hudhani, kisha hutafuta ushahidi wa dhana yake, kisha hausubiri moyoni mpaka autoe kinywani.

Na ruhusa hizo sita zote zakutana katika jambo moja, nalo ni haja. Palipokuwa na haja, ulimi huruhusiwa kwa kadiri ya haja, kama mwenye njaa ya kufa aruhusiwavyo mzoga: ale kitu cha kumwokoa, asiufanyie karamu. Nani kati yetu alikuwa akiwahadharisha Waislamu? Nani alikuwa akiuliza fatwa? Tulikuwa tukijiburudisha.

Na akisema mtu kuwa hao si Waislamu, basi hawana haki ya kusitiriwa, na alisikilize lile alilolinakili Ibn Hajar al-Haytami kutoka kwa Imamu Ghazali. Aliulizwa habari ya kumsengenya asiyekuwa Muislamu, akabainisha kuwa kusengenya kuna madhara matatu: kumuudhi mtu, kuitia ila kazi ya Mwenyezi Mungu aliyemuumba, na kuupoteza wakati kwa lisilomhusu mtu. Na akasema kuwa asiyekuwa Muislamu aliye katika amani na Waislamu haudhiwi kama Muislamu asivyoudhiwa. Basi hata akikosekana mtu wa kuudhika, wakati ulipotea; na wakati ni mtaji ambao mwenyewe hupewa mara moja.

Mas-ala ya nne: mke wa mtu

Fungu la tatu walijiona kuwa ndio wenye huruma. Walisema, "Maskini mkewe, na aombe talaka." Ndugu zangu, huruma ni njema, bali katika huruma hii mna sumu. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume, rehema na amani zimshukie, amemtoa katika kundi letu mwenye kumharibia mke kwa mumewe. Ndoa ya watu yaingiliwa kwa mlango wake: wenyewe wakitaka, huletwa mwamuzi wa upande wa mume na mwamuzi wa upande wa mke, kama ilivyokuja katika Suratin Nisaa, aya ya 35. Waamuzi wawili, tena wa jamaa, tena wenye nia ya kusuluhisha. Hapakutajwa waamuzi laki moja waliokaa katika miji wasiyoijua, kila mmoja na talaka yake mkononi.

Na nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Huenda mke akasamehe, huenda akasubiri, huenda akaondoka. Yote hayo ni yake. Atakayesamehe mbele ya watu waliokwisha kumhukumia aondoke, mmemzidishia mzigo: mumewe kamuumiza mara moja, nanyi mwamwita mpumbavu kila siku.

Mas-ala ya tano: mizani miwili

Fungu la nne ndilo lenye dhuluma iliyo wazi, na aghalabu ni wanaume walio wema machoni mwa watu. Jambo ni moja, wamelifanya wawili, katika nyumba moja, mbele ya kamera moja. Na mwenye ndoa kati yao, tuliyemtaja, ni mwanamume. Pamoja na hayo yeye akaitwa mjanja na kijana wetu, na mwanamke akaitwa kwa yale majina. Kurani, katika Suratin Nur, aya ya 2, imewataja mwanamke mzinifu na mwanamume mzinifu pamoja, ikawapa adhabu moja kwa hesabu moja, bila ya kupunguza hata mjeledi mmoja. Basi mwenye kumcheka mmoja na kumlaani mwingine hahukumu kwa Kitabu. Ahukumu kwa ada, na ada hiyo ni mbovu.

Na kufikiri kuwa "ni mtu wa nchi yetu" ndiko kulikofanya dhambi ikawa fahari. Kumpenda mtu wa nchi yako ni tabia ya binadamu wala hakulaumiwi. Kulaumiwako ni kulipendezesha ovu lake kwa kuwa ni lake.

Nani aliyeulipia mchezo?

Baada ya hayo liko jambo ambalo wengi hawakulifikiri. Yule kijana hakushinda kwa hukumu ya hakimu, wala kwa mashindano ya nguvu au elimu. Alishinda kwa kura za watazamaji, na watazamaji walikuwa wameyaona yote. Na wenye televisheni hawahesabu nani alitazama akisifu na nani alitazama akilaani, wahesabu macho. Kwao anayelaani ni mteja bora, kwani mwenye kusifu hutosheka na mwenye kulaani hurudi kesho kuona kama laana yake imepata ushahidi mpya. Kwa hivyo mtu alikuwa akiulisha mchezo kwa jicho lake huku akiutukana kwa ulimi wake, na malipo ya mwezi akiyalipa kwa mkono wake. Viungo vitatu vya mtu mmoja, kila kimoja na njia yake. Na siku ya Kiyama vyote vitasemeshwa.

Suratin Nur, aya ya 19, yatisha katika mlango huu. Ahadi ya adhabu iliyomo haikuwahusu watenda machafu, bali wale wapendao machafu yaenee katika walioamini. Kupenda ni kazi ya moyo. Mtu huweza kulichukia tendo na huku akaipenda habari yake. Hilo ndilo la kujikagua: ile furaha ndogo inayomjia mtu aambiwapo, "Umesikia kilichotokea jana?" Furaha hiyo ndiyo inayotajwa.

Na aya hiyo ilishuka katika kisa cha Uzushi, aliposingiziwa Mama wa Waumini Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake. Hatulinganishi, na Mungu atuepushe na kulinganisha, baina ya mtakatifu yule na watu wa michezo. Twachukua adabu ya wasikiaji tu. Kwa muda wa mwezi mmoja watu wa Madina walikuwa mafungu: walioeneza, walionyamaza, na waliokanusha. Na katika waliokanusha alikuwa Abu Ayyub, radhi za Mungu ziwe juu yake. Mkewe alimuuliza kama amesikia yasemwayo. Akamuuliza naye, je, wewe ungefanya jambo hilo? Akasema hasha. Akamwambia, basi Aisha ni bora kuliko wewe. Yakesha. Mazungumzo ya mume na mke, chumbani mwao, hayakuzidi maulizo mawili, na habari ikafia pale. Habari zote za namna hii zingepata nyumba kumi za namna ile, zisingevuka mtaa.

Kwa nini tumeandika leo?

Atauliza mtu: mchezo ule wa 2007 umekwisha zamani, na Big Brother Africa yenyewe haikuoneshwa tena baada ya mwaka 2014, mwafukua kaburi la nini? Twajibu: mchezo ulikwisha, mazoezi hayakwisha. Nigeria wana wao, na nchi nyingine wana michezo ya kuchaguliana wachumba mbele ya kamera. Na kilicho kibaya kuliko vyote, kioo kimetoka ukutani kimeingia mfukoni. Leo kijana mwenye simu aweza kumfanya binti wa jirani yake kuwa mchezo, bila ya nyumba ya Afrika ya Kusini na bila ya saini ya mtu. Picha ya binti akizungumza na mvulana kando ya njia yapigwa adhuhuri, na kufika Isha imekwisha kuingia katika simu za mji, na chini yake maoni: huyu hana haya, babake yuko wapi, nani atamuoa huyu. Yule wa televisheni alijidhihirisha mwenyewe. Huyu hakujidhihirisha, amedhihirishwa. Yule alipewa dola 100,000. Huyu huenda akaposwa asiolewe. Na ndimi zinazomla ni zile zile zilizojifunza kula kwa watu wa mbali.

Kwa sababu hii twasema kuwa jambo hili si dogo. Ulimi haujui mipaka ya nchi. Mkiuachia kwa mwanamke wa Angola, hautasimama ukifika kwa binti wa Mombasa, au wa Unguja, au wa Tanga. Na siku moja utafika kwa binti yako.

Imesimuliwa kuwa Sayyidna Umar alipanda ukuta usiku akamkuta mtu na maasi yake nyumbani mwake. Alipomkemea, yule mtu akamwambia: mimi nimemuasi Mungu kwa jambo moja, nawe umemuasi kwa matatu. Umepeleleza, nasi tumekatazwa kupeleleza. Umeingia kwa ukuta, nasi tumeamrishwa kuingia kwa milango. Na umeingia bila ya kutoa salamu. Umar akamwacha, baada ya kuahidi kuwa hatarudia. Huyo ni Umar, Amiri wa Waumini, mwenye mamlaka ya kuhukumu, na uovu aliuona kwa macho yake. Nasi hatuna mamlaka, wala hatukuona ila fungu moja katika mafungu 24.

Basi la kutenda ni lipi?

Hatusemi watu wawe mabubu, wala hatusemi ovu liitwe jema. Twausia mambo matano. La kwanza: yakitajwa mambo haya mbele yako, lihukumu tendo, mwache mtu. Sema, "Mwenye mke kumwendea asiyekuwa mkewe ni haramu," kisha nyamaza. Hukumu imetimia, na hakuna aliyeliwa. La pili: mkiwasema wawili, wasemeni kwa mizani moja. La tatu: usilitaje neno la zina kwa mtu yeyote madhali huna ushahidi ambao kadhi angeukubali. La nne: picha ya aibu ya mtu ikikufikia simuni, iwe wewe ndiwe kaburi lake, usiipeleke hata kwa mwenye kusema, "Nipe nione nisikitike." Bwana Hazzal alipomshauri Maiz aende akajishitaki, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfahamisha kuwa lau angemsitiri kwa nguo yake ingekuwa kheri kwake. La tano: watazame watoto wako wakati unaposema. Mwana wa kiume akusikiliza akijifunza kuwa mwanamume akikosa huchekwa kwa mapenzi. Na mwana wa kike akusikiliza akijifunza kuwa siku akiteleza, babake ndiye atakayekuwa wa kwanza kumtupa. Akishajifunza hivyo, siku atakayofikwa na jambo hatakuja kwako. Atakwenda kwa mtu mwingine, na huenda huyo ndiye atakayemwangamiza.

Mwenye kusoma waraka huu na amsomee asiyejua kusoma, na asiusome kwa kumlenga mtu aliyeketi mbele yake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu ayainamishe macho yetu, azizuie ndimi zetu, azisitiri aibu zetu duniani na Akhera, na awahifadhi watoto wetu wa kiume na wa kike. Na wale tuliowasema bila ya haki, walio karibu nasi na walio mbali, awalipe kheri, na atuwafikishe sisi kutubia kabla ya siku ambayo deni halilipwi kwa dola wala kwa shilingi, illa kwa mema ya mtu. Amin.

Wabillahi tawfik.